Mawe Aliyobeba Bibi

Kijiji chetu kilikuwa na majengo manne ya zamani, na mimi ndiye niliyeandika habari zake. Kama nisingeandika, nadhani shangazi yangu angekuwa hai mpaka leo.

Tuko upande wa Geita, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Rwamgasa. Godauni la pamba la chama cha ushirika lipo bado, mabati yameliwa na kutu, na hakuna aliyepima pamba pale tangu nikiwa darasa la nne. Duka la Mhindi liko kando ya barabara; wenyewe waliondoka zamani na sasa ni la popo. Baraza la mtemi lilikuwa limebaki sakafu na ngazi tano tu. La nne lilikuwa kanisa la kigango chetu, na hilo ndilo lililojengwa kwa mawe kuanzia chini hadi juu. Siku moja niliupima unene wa ukuta wake kwa mkono wangu: kutoka begani hadi ncha za vidole. Mawe yalishikwa kwa udongo, juu yake ikapigwa lipu ya chokaa. Hata mwezi wa kumi, joto likiwa kali namna gani, ukiingia mle unahisi ubaridi shingoni.

Kigango kilipokaribia jubilei yake, katekista alikuja nyumbani. Nafundisha historia kwenye sekondari ya kata, kwa hiyo akaniomba niandike habari za kijiji na majengo yake, nizisome siku ya sherehe. Nikafurahi. Nikanunua daftari jipya, nikaenda kwa bibi, mama yake baba, ambaye kwa kukadiria amepita miaka tisini. Alikuwa ndiye pekee aliyebaki kati ya walioliona kanisa likijengwa.

"Bibi, mawe yale yalitoka wapi?"

"Kule mlimani. Pale wanapochimba sasa. Yale meupe meupe. Tuliyabeba kichwani, mimi na wenzangu, kutoka asubuhi mpaka jua linapinda."

Nikaandika. Halafu, nikiwa peke yangu mezani, nikaongeza maneno yangu: kwamba wananchi waliyabeba mawe hayo kwa moyo wa kujitolea. Hakuna aliyeniambia hivyo. Ndivyo habari za namna ile zinavyoandikwa, basi nami nikaandika hivyo.

Siku ya jubilei padri alikuja kutoka parokiani, vipaza sauti vikafungwa, na watu walikuwa wengi mpaka nje ya turubai. Wachimbaji wa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule mlimani, nao walikuja kwa sababu ya chakula. Nilisoma vizuri. Nilipofika kwenye mawe nikainua uso nikasema, "Kuta hizi zimetoka mlima uleule ambao leo watu wanakuja kuuchimba kutoka mikoa yote. Nazo hazijawahi kupata ufa." Watu wakacheka na kupiga makofi. Sentensi ile niliiandika kusudi wacheke, na nilikaa chini nikiwa nimeridhika sana.

Wiki iliyofuata lipu ilikuwa imebanduliwa nyuma ya sakristia, chumba anachovalia padri, na jiwe moja halipo. Katekista alidhani ni mbuzi wamejikuna pale. Baada ya siku chache likawa tundu la kuingiza kichwa, kisha la kuingiza mabega. Mtu alikuwa amesema jiwe lile linang'aa ukilivunja, na neno hilo lilitosha. Ngazi za mtemi, ambazo nazo zilikuwa za mawe yale meupe, ziling'olewa zote mchana kweupe kwa mtalimbo, watu wakipita wanasalimiana na wanaong'oa.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, akapiga marufuku. Mchimbaji mmoja mgeni akasimama akauliza, "Mwenyekiti, mnalinda mawe au mnamlinda Mungu?" Watu wakacheka kama walivyocheka niliposoma mimi, na mkutano ukaishia hapo. Waliowekwa kulinda kanisa walionekana baadaye wakipeleka viroba kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

Na mimi siwezi kujitoa. Alasiri moja nilisimama mbele ya lile tundu, nikaokota kipande kilichodondoka chini. Nikakilamba kidogo, nikakigeuza juani. Sikuona kitu. Hata hivyo nikakitia mfukoni, na nilitembea nacho siku mbili, nikiingia nacho darasani, mkono hautoki mfukoni. Siku ya tatu nikakitupa chooni. Hilo sikumwambia mtu.

Shangazi, binti pekee wa bibi, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alikuwa mjane, akiishi na bibi, na kila Jumamosi alifagia kanisa pamoja na wanawake wawili wa jumuiya yake. Nilimfuata nikamkuta anatandaza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande, juu ya jabali ikauke.

"Shangazi, ule ukuta wa nyuma umelegea. Msiingie tena mle."

"Nani atafagia?"

"Pasifagiwe."

"Jumapili kuna ubatizo, watoto wanne. Wabatizwe kwenye vumbi?" Aliendelea kutandaza. "Na wewe si ulisoma mbele ya padri kwamba zile kuta hazijawahi kupata ufa?"

Nilisema nitakwenda kuongea na katekista. Sikwenda, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi, kama saa nne asubuhi, niko mezani na kalamu nyekundu, nikasikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Nikajua ni lori la karasha, nikaendelea na kazi. Nilisahihisha karatasi moja nzima kabla sijasikia wanawake wanapiga yowe.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umeangukia ndani, ukavuta kenchi na mabati. Wale wenzake wawili wa shangazi walikuwa wametoka kufuata maji kisimani. Shangazi alikuwa ndani. Tulianza kutoa mawe kwa mikono, tukipokezana mmoja kwa mwingine mpaka nje, na mimi nilikuwa wa mbele. Wachimbaji walikuja na sururu zao, na lazima niseme kweli, walifanya kazi kuliko sisi sote. Wao ndio wanaojua kumtoa mtu chini ya mawe. Kwanza niliona kandambili. Kisha mguu.

Alikuwa hai. Uso wake ulikuwa mweupe kwa chokaa, akanitazama.

"Wenzangu wametoka?"

"Wametoka, shangazi. Wako salama."

"Haya."

Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia. Tulimlaza kwenye pikapu ya muuza samaki aliyekuwa akipita kutoka Nkome, juu ya matenga matupu ya dagaa, tukashika njia ya hospitali. Nilikuwa nimemshika kifuani kwa sababu barabara ni mbovu. Kabla hatujafika lami nilihisi kifua kimetulia, lakini sikumwambia dereva asimame. Nilihisi kwamba tukisimama, ndipo itakapokuwa kweli.

Tulirudi naye alasiri. Tulipopita kanisani niliona pale tulipolundika mawe hakuna kitu. Yale tuliyoyatoa juu ya mwili wake yalikuwa yamebebwa yote. Jirani mmoja aliniambia kwamba yaliyokuwa na damu waliyasuuza kisimani kwanza. Karasha zilikuwa zinanguruma, na ziliendelea kunguruma tulipokuwa tunachimba kaburi.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Mwenyekiti alisema ni mvua.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni wakiwa wamepungua, niliketi karibu na bibi. Hakuwa amelia mbele ya watu.

"Bibi, mimi ndiye niliyewaambia mawe yalikotoka."

"Wewe nilikuambia mimi."

"Lakini kwenye kipaza sauti nilisoma mimi."

Akasema, "Kwenye karatasi yako ulisema tulijitolea. Nani alikuambia?"

"Hakuna."

"Askari wa mtemi walipita kila mji, kila kaya. Kila mji utoe mtu. Baba alikuwa mgonjwa, tukatolewa mimi na mdogo wangu. Yeye alikuwa hata hajang'oa meno ya utoto yote. Siku ya mvua aliteleza kule mlimani na jiwe lake kichwani, likamwangukia hapa." Akagusa kifua chake. "Tulimzika kulekule. Kesho yake nikarudi kubeba."

"Mbona hukunieleza, bibi?"

"Uliniuliza mawe yalitoka wapi, ng'wana wane, mwanangu. Hukuuliza kingine."

Nilimwambia nitakwenda wilayani, nitaomba kilichobaki kilindwe. Akatikisa kichwa. "Waache wachukue lote," alisema. "Lote."

Hawakuhitaji ruhusa yake. Mwezi haukuisha, kanisa lote likawa limekwisha, hadi msingi, na pale msingi ulipokuwa wakachimba zaidi kwenda chini. Sasa Misa inafanyika ndani ya godauni la pamba. Katika daftari langu nilifuta yale maneno ya kujitolea, nikaandika chini yake alichoniambia bibi. Ile nakala aliyopewa padri iko parokiani kama ilivyokuwa.

Baada ya mavuno alikuja nyumbani mtu mmoja mwenye karasha. Nilimfundisha zamani, sasa ana mke na watoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alikaa, akazungusha kofia mikononi. Akasema yeye amesaga sehemu kubwa ya kanisa. Hakuiba, aliletewa, akasaga. Nikamuuliza kama kulikuwa na dhahabu.

"Mawe machache ya kwenye kona. Mengine yote matupu, mwalimu. Ni kama tulisaga chokaa." Akaanza kulia. "Nimekuja kuomba unisamehe."

Bibi, ambaye sasa alikuwa akiishi kwangu, alikuwa ndani anasikia. Kabla sijajibu alitoka na fimbo yake, akamuuliza ni mtoto wa nani, akajibiwa. Kisha akamuuliza, "Unga wa mawe yale uko wapi?"

"Uko nyuma ya mashine, bibi. Umeshauzwa kwa wanaouosha tena kwa dawa, lori litakuja kuuchukua."

"Nipeleke."

Tulimshika huku na huku. Nyuma ya mashine kulikuwa na lundo la vumbi la kijivu, refu kuliko mimi, limelowa chini na kukauka juu. Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea atasema kitu, na nadhani yule mwenye karasha naye alitegemea, maana alikuwa amevua kofia.

"Turudi," alisema. "Nasikia njaa."

Tulirudi polepole, tukipumzika mara mbili njiani. Nilimpikia uji mimi, kwa sababu aliyekuwa akimpikia alikuwa shangazi. Uliungua. Akaunywa.