Mwamvita na Mamba wa Nyangwe

Kasongo nzima ilimjua Mwamvita binti Sumaili kwa kazi ya mikono yake. Kichwa cha mwanamke aliyesukwa kwenye mlango wa msusi, jino lenye mizizi mirefu kwa mng'oa meno, mbuzi mweupe ukutani kwa muuza nyama: vyote alivichora yeye. Baba yake hakupenda. Alisema si vizuri Mwislamu kuchora vitu vyenye roho. Aliyempa rangi za kwanza, tena kwa siri, ni kaka yake Djamali, aliyezinunua Kindu alipokwenda kuuza samaki.

Djamali alikuwa mvuvi. Alihamia Nyangwe, akaoa huko mwanamke aliyeitwa Soraya. Mwamvita na wifi yake walipendana kuliko ndugu wengi. Soraya alipokuja Kasongo sokoni alilala kwa Mwamvita, na kila mara alikuwa na lalamiko lile lile: Djamali anapasua samaki pale pale wanawake wanapoosha vyombo, matumbo anatupa majini, na akiambiwa anajibu kwamba mto ni mkubwa.

Jioni moja ya majira ya mvua Soraya alishuka mtoni kuosha sufuria, mamba akamchukua. Kilichopatikana ni kikwembe chake tu, kitenge alichokuwa amejifunga.

Matanga yalikuwa hayajaisha Djamali akasema mamba yule alitumwa kwa uchawi. Akamtaja Atumani, mvuvi mwenzake, ambaye walikuwa wamegombana juu ya mahali pa kutega nyavu. Hapakuwa na ushahidi, na hakuna aliyeuliza. Vijana walichoma nyumba ya Atumani mchana kweupe, naye akakimbilia Lusangi na mke wake, akaanza kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya watu.

Mwaka uliofuata, Hervé, mwalimu wa biolojia pale Kasongo, alikuja kumtafuta Mwamvita. Shuleni kwake kulikuwa na vitabu vizuri vya picha kutoka ng'ambo, ila wanyama wake walikuwa wa nchi za barafu.

"Watoto wetu wanajua dubu mweupe," alisema Hervé, "lakini hawajui mamba anataga wapi mayai yake. Nimeandika kitabu cha wanyama wa mto wetu Lualaba, kwa watoto wadogo. Iko shirika Kindu litakipiga chapa. Nakosa mutu wa kuchora."

Mwamvita alikubali, na sababu yake hakumwambia. Alitaka kumwona yule mnyama.

Alipelekwa kwa mtumbwi kwenye mafungu ya mchanga juu ya Nyangwe, akajificha kwenye matete. Alimwona mamba jike akifukua mchanga, akasikia vilio vyembamba kutoka ndani ya mayai, kisha akamwona akiwachukua watoto wake kwa mdomo na kuwapeleka majini, taratibu, bila jino kuwagusa. Mwamvita hakumhurumia. Alimchukia, na kwa kuwa alimchukia alimtazama vizuri. Kila gamba alilichora pale pale, meno yake mwenyewe yakiwa yamekazana.

Ukurasa mmoja Hervé alikuwa ameandika hivi: *Mamba hatumwi na mtu. Anajifunza mahali ambapo chakula kinapatikana kila siku, naye anarudi. Tusitupe matumbo ya samaki mahali tunapoosha na kuchota maji.* Mwamvita alichora mwanaume aliyesimama ukingoni, mgongo umegeukia msomaji, anamwaga matumbo kutoka kwenye beseni. Bega moja la mtu yule lilikuwa chini ya lingine.

"Uyu ni nani?" aliuliza Hervé.

"Mutu wa mto tu."

Djamali alivunjika bega utotoni, alipoanguka kutoka juu ya mchikichi. Halikupona sawa.

Kitabu kilipofika shule ya Nyangwe, mwalimu Laetitia aliwaonyesha watoto ukurasa kwa ukurasa. Walimfurahia kiboko, wakacheka samaki mwenye umeme. Walipofika kwa mtu wa beseni, mmoja akasema, "Uyu si baba ya Chadia?" Darasa likalipuka kwa kicheko. Chadia, binti ya Djamali na Soraya, alikuwa amekaa benchi la mbele.

Kesho yake Djamali aliingia shuleni na kisu chake cha samaki. Alikata ukurasa ule katika kila nakala, wala mwalimu hakumzuia. Kisha akapanda pikipiki hadi Kasongo.

Mwamvita alikuwa uani anakoroga rangi. Djamali hakutoa salamu. Alitupa zile karatasi chini mbele yake.

"Uyu ni nani?"

"Iko mutu anatupa matumbo."

"Nimekuuliza jina."

"Jina unalijua, yaya," alijibu Mwamvita; ndivyo alivyomwita kaka yake tangu utotoni.

"Chadia pia alilijua," alisema Djamali. "Wenzake wanamuimbia, baba yako alimulisha mamba mama yako. Mutoto hataki kula. Ulifikiri ile?"

Mwamvita hakuwa ameifikiri. Alipochora lile bega alimfikiri mtu mmoja tu, naye ndiye aliyesimama mbele yake.

"Kwa Chadia nilikosa," alisema. "Nitakwenda kumuomba musamaha."

"Utaomba mbele ya watu wote. Na utasema ile maneno ni ya uongo, Atumani ndiye alimutuma mamba."

"Ile sitasema. Nyumba ya mutu iliungua bure, yaya. Soraya alikuambia mara ngapi usipasulie samaki pale?"

Djamali alikitazama kile kisu cha samaki alichokuwa bado amekishika, kana kwamba ameshikishwa na mtu mwingine. Halafu akayapiga teke makopo ya rangi, moja baada ya jingine, mpaka ua mzima ukawa mwekundu na buluu.

"Toka leo baba yetu alizaa mutoto mumoja," alisema, akaondoka.

Baba mdogo wao, Ibrahim, aliitisha kikao cha familia, na Mwamvita akaambiwa aombe radhi kama kaka yake alivyotaka. Alikataa. Tangu siku hiyo hakualikwa tena kwenye arusi wala maulidi ya ukoo. Nyangwe alikwenda, akamsubiri Chadia njiani watoto wakitoka shule. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameangalia vidole vya miguu yake.

"Shangazi, ulimaliza?" aliuliza. Aliposikia amemaliza, alikwenda zake.

Mwamvita alipita mtoni kabla ya kurudi. Wanawake walikuwa wamesimika miti majini, wakafanya ua wa kuoshea ndani yake. Aliwauliza nani alitoa wazo hilo. Waligeuza migongo, wakaendelea kusugua masufuria.

Alibaki na tumaini moja, kwamba Atumani angalau angefurahi. Walikutana soko la Kasongo, naye amekonda, kucha zimejaa udongo wa Lusangi. Mwamvita alimpa nakala nzima na kumwonyesha ukurasa. Atumani alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Nilikuwa na nyumba ya matofali," alisema. "Walipoichoma ulikuwa wapi, wewe unayejua mambo ya mamba? Ulikuwa kwenye matanga. Ulinyamaza." Akamrudishia kitabu. "Na humu sioni jina yangu. Sioni mahali pameandikwa Atumani hakufanya kitu."

Mwamvita alikichukua kitabu chake.

Shirika la Kindu lilipotaka kukichapa tena, Hervé alimwomba abadilishe mtu wa beseni. "Munyooshee bega tu," alisema. Mwamvita alikaa na picha ile mchana mzima. Mwishowe alimfuta mtu yule kabisa, akaacha beseni ukingoni, matumbo yanaelea, na pua ya mamba inakuja. Alisema amefanya hivyo kwa ajili ya Chadia. Djamali hakuuliza habari za chapa ya pili, na hapana aliyempelekea.

Bado anachora vibao vya maduka. Siku za soko Djamali hupita mbele ya nyumba yake na mzigo wa samaki, akawasalimia jirani wa kulia na jirani wa kushoto kwa majina yao, pamoja na watoto wao. Mwamvita huendelea kupaka rangi, wala mkono wake hausimami.