Beringi za Mlamu Wangu

Msumeno tuliununua wawili, mimi na mlamu wangu, kutoka karakana moja ya Changamwe iliyokuwa inafungwa. Mlamu wangu ni kaka mkubwa wa mke wangu. Nilipomuoa dadake sikuwa na kazi ya kueleweka, na ni yeye aliyeniingiza kwenye useremala, akanionyesha kushika randa. Karakana yetu ilikuwa Kisauni, upande wa barabara ya Malindi.

Mashine ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi. Ilikuwa na meza nzito, nguzo nyuma yake, na mkono wa chuma uliotoka nguzoni ukapita juu ya meza. Chini ya mkono huo ulining'inia mota pamoja na bapa la duara lenye meno. Ubao unaulaza mezani, unaukandamiza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia unaivuta mota ije kwako. Misumeno mingine unaipelekea ubao. Huu unakujia wewe.

Mota hutembea ndani ya ule mkono juu ya beringi nne ndogo, kila moja kama kifuniko cha chupa ya soda, na kila moja ina mfuo wa kuishikilia kwenye reli. Mbili zilikuwa zimelika. Mota ikaanza kuchezacheza, na njia ya msumeno ikawa haieleweki. Mlamu akaichomoa waya ukutani.

"Haukati tena huu mpaka tupate beringi," akasema. "Na ziwe zenyewe."

Wakati huo tulikuwa tunatengeneza mabenchi ya kanisa moja jipya la Utange. Kanisa analosali yeye. Waumini walikuwa bado wanakaa kwenye viti vya plastiki, na siku ya kulifungua ilikuwa imeshatangazwa. Vikalio vya mabenchi vilikuwa vya mbao za mwembe, lakini miguu ilikuwa ya mbambakofi, na mbambakofi kwa msumeno wa mkono ni mateso. Mlamu alibaki akikata kwa mkono, jasho likimtoka hadi viatuni. Mimi nikatumwa kutafuta.

Nilizunguka wiki tatu na beringi moja mbovu mfukoni. Wauza vyuma vikuukuu nyuma ya soko la Kongowea waliigeuzageuza wakanirudishia. Kwenye duka la beringi kule Changamwe, muuzaji aliipima, akaisugua kwa kidole gumba akitafuta maandishi.

"Haina namba," akasema. "Bila namba mimi sina la kukusaidia."

Nilitafuta kwenye simu. Kiwanda kilichoiunda kilikuwa kimekufa zamani, na walioandika habari zake walikuwa wazee wa ng'ambo wanaoikumbuka tu. Kila jioni mlamu aliniuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa.

Mwishowe mtu mmoja wa vyuma alinielekeza Likoni, kwa mzee aliyekuwa fundi wa mashine miaka mingi. Nikavuka feri. Nilimkuta barazani kwake, macho yana ukungu. Nikamwamkia, akaitikia, akaishika beringi yangu, akaizungusha karibu na sikio.

"Hii naijua wallahi. Nilikuwa na mashine yake. Niliivunja, vyuma vyake nikaviweka. Sasa viko wapi, hapo ndipo pana kazi."

Chumba chake cha nyuma kilijaa makopo ya maziwa mpaka darini, kila kopo na vyuma vyake. Alifungua moja, akamwaga, akapapasa, akarudisha, akafungua lingine. Nilitaka kumsaidia akanizuia, akasema nitamvurugia. Saa nzima ikapita.

"Njoo Ijumaa baada ya sala," akasema. "Nitakuwa nimezitoa, inshallah."

Niliondoka nimekasirika. Feri ilichelewa siku hiyo, nikasimama kwenye umati na jua limenikalia utosini, nikijiambia kwamba mzee hana kitu, kwamba amesahau hata mashine yenyewe. Alhamisi nikapita kwa fundi mmoja wa Kisauni anayekereza vyuma. Nikampa ile mbovu aichukue kipimo.

"Nitakuchongea nne," akasema, "lakini chuma nilicho nacho ni laini. Kwa mashine inayobeba uzito usikitegemee."

"Wewe chonga tu."

Alikuwa mkweli kuliko mimi. Zilipotoka zilikuwa zinang'aa mno, nikaziosha kwa dizeli, nikazipaka grisi kuukuu na vumbi la mbao, nikazifunga kwenye gazeti. Nilifanya hivyo nikijua ninachofanya. Watu wengi wamejaribu kunipunguzia lawama hapo, nami siwezi kukubali.

Ijumaa sikwenda Likoni. Nilikwenda karakana, nikamwekea mlamu gazeti mkononi. Akalifungua polepole.

"Ni zenyewe?"

"Ni zenyewe."

Akaziangalia tena. "Zenyewe kabisa? Umezipata wapi?"

"Likoni. Kwa mzee mmoja, fundi wa mashine."

"Mungu ambariki," akasema. Siku hiyo hiyo akazifunga, kwa uangalifu wake ule wa kuhesabu mizunguko ya skrubu.

Msumeno ulikata siku nne. Siku ya tano, asubuhi, nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mlamu napima mbao. Nikasikia mlio wa chuma kupasuka, kisha bapa likakwama ndani ya mbambakofi, likanguruma, likaruka mbele. Mlamu hakupiga kelele. Alisema, "Zima." Nikazima. Alipogeuka ndipo nilipoona mkono wake wa kushoto.

Tulimfunga kwa shati langu tukakimbilia hospitali kwa tuktuk. Vidole vitatu vilikuwa vimekwenda, na nyama ya kiganja. Mke wangu alifika, akaniuliza imekuwaje.

"Msumeno umemrukia," nikasema.

Kabla ya mtu yeyote kuingia karakana nilirudi peke yangu, nikazifungua zile beringi, iliyopasuka na tatu nyingine, nikazitupa chooni.

Na mlamu, pale kitandani, kila aliyekuja kumwona alimweleza jambo lile lile. "Mashine haina kosa. Mlamu wangu alihangaika wiki tatu akaleta beringi zenyewe. Ni mimi niliyezifunga vibaya." Alisema hivyo kwa mkewe. Alisema kwa dadake. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika mfuko wa machungwa.

Wiki iliyofuata nilivuka tena Likoni. Sijui vizuri nilikuwa naenda kufanya nini. Mzee hakunijua kwa sura, alinijua kwa sauti nilipomwamkia.

"Wewe wa beringi! Nilikungoja Ijumaa. Jioni ile ile ulipoondoka ndipo nilipoziona, na sikuwa na namba yako ya simu."

Akaingia ndani, akatoka na kopo. Beringi nne, zimepakwa mafuta, zimevingirishwa kitambaa safi. Nikazishika. Zilikuwa nzito kuliko zile nilizochongesha, na mfuo wake ulikuwa mwembamba, mkali. Nikajikuta nimeketi chini barazani, nikamweleza yote. Alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia.

"Mkono gani?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Vidole vingapi?"

"Vitatu."

Akafunga kopo lake kwa mfuniko, akaligonga mara mbili ili likaze. "Zichukue," akasema. "Mimi hazinifai." Hakuniaga nilipoondoka.

Zilipoingia mahali pake, mota ilisogea kwa kusukumwa na kidole kimoja. Nilimwita seremala mwingine tukayamaliza mabenchi. Siku ya kufungua kanisa mlamu aliketi benchi la mbele, mkono una bendeji. Mchungaji akamwombea, kisha akampa nafasi aseme neno. Akasimama, akamshukuru Mungu, halafu akanitaja mimi, mlamu wake, aliyeizunguka Mombasa nzima kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akanishika goti. Nilitazama sakafu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwake Utange. Alikuwa uani, amebana mpini wa jembe katikati ya magoti, anajaribu kuukaza kwa mkono mmoja. Nilisimama, sikukaa, nikamwambia: fundi wa kukereza, chuma laini, grisi, gazeti.

"Nilikuuliza," akasema nilipomaliza.

"Uliniuliza."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Akaliweka jembe chini. "Mimi kila siku nazifunga upya kichwani. Skrubu moja baada ya nyingine, natafuta nilipokosea."

"Hukukosea, mlamu."

"Nimeambia watu wote ni mimi." Sauti yake haikupanda. "Jana nimesimama mbele ya kanisa."

Mkewe alitokea mlangoni na sinia la chai, vikombe viwili. Mlamu akamwambia arudishe kimoja.

"Nenda," akaniambia. "Nenda leo."

Jioni alimpigia dadake simu. Mke wangu aliipokea jikoni, akasikiliza, akaizima, akaendelea kukuna nazi. Bado tunaishi pamoja. Lakini nikimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua inakuja, hutoka nje kutazama.

Mlamu hakurudi karakana. Alimtuma mkewe na mkokoteni kuchukua randa zake na patasi. Sasa anafuga kuku, na nasikia anafanya vizuri. Mimi bado nakata mbao kwa msumeno ule, peke yangu. Unakata sawasawa.

Mara ya mwisho tulikutana kwenye mazishi ya mjomba wao, huko bara. Alipita akisalimia watu mstari mzima, akanifikia, akanipa mkono wa kulia.

"Salama?"

"Salama."

Akamsalimia aliyenifuatia, akaenda kukaa na wanaume wengine upande wa pili wa turubai.