Frigo ya Dawa ya Mama

Basi letu ndiyo nyumba yetu. Bwana yangu aling'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi na rafu za salaula, zile nguo za mitumba tunazouza kutoka Nchelenge mpaka Mwansabombwe. Kilibaki kitu kimoja: frigo. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, na insulini yake haitaki joto. Bila frigo hangeweza kuishi nasi barabarani, na mimi nilichoka kumwacha peke yake kwenye kambi ya wakimbizi.

Tulinunua frigo ya kawaida, ya kuweka jikoni. Nilipima urefu, nikapima upana, nikasahau kupima mlango wa basi. Bwana yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi wangu huyo!" Ikabidi tung'oe mlango wa frigo na kuipitishia nyuma. Akaikaza sakafuni kwa boliti, akaacha nafasi mgongoni ipumue, akafunga mkanda ili mlango usifunguke kwenye mashimo. Paneli ya jua juu ya paa, batri mbili chini ya kitanda. Ilipoanza kunguruma, mama alipiga vigelegele. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Tukaenda kuijaribu Kabuta, siku tatu kando ya ziwa. Siku ya kwanza akaja mwanamke mmoja muuza samaki, yule aliyetupatia chumba chake tulipovuka kutoka Kongo.

"Ndugu, unisaidie baridi kidogo, samaki zitaoza."

Mama akamfungulia. Kesho yake wakaja wanne. Huku mutu akikuomba hivyo unafungua tu. Kukataa ni kama kumnyima maji. Frigo ilifunguliwa kutwa. Siku ya tatu mawingu yakatanda, batri zikaisha. Niliporudi kutoka sokoni nikatia mkono ndani: chupa za insulini zilikuwa vuguvugu katikati ya samaki.

Jamani! Mimi nikikasirika sina breki. "Munataka kuniulia mama?" Nikawatupa samaki mchangani, wote, mbele ya watu.

Yule mwanamke akapiga magoti, akaokota mmoja mmoja, akipangusa mchanga kwa kitenge chake.

"Pole, mutoto wangu," akasema. "Sikujua dawa iko ndani."

Asubuhi nilimkuta mama amefunga mzigo.

"Munirudishe kwangu."

"Mama, nilikuwa naogopa utakufa!"

"Najua. Lakini leo umetupa samaki za ule alituokota. Kesho utatupa za nani?"

Nilikwenda kumwomba radhi yule muuza samaki. Alinisamehe palepale, akanifungia na samaki wawili wa njiani. Mama yangu bado. Yuko kambini, na kila asubuhi anatembea kwa miguu mpaka zahanati kudungwa sindano.

Frigo haijasumbua hata siku moja. Tunaweka maji ya kunywa.