Mgomba wa Nasimiyu

Harufu ya magunzi yanayoungua ndiyo hunirudisha Kabuchai. Msimu ule wa kuvuna mahindi moshi wake ulitanda uani tangu asubuhi, mzito na mtamu kidogo, ukichanganyika na harufu ya miwa iliyokatwa ng'ambo ya barabara na kuletwa kupimwa kwenye mizani iliyokuwa mbele ya kwetu. Mahindi yalianikwa kwenye maturubai, nami nikapewa kazi ya kufukuza kuku, viumbe wasio na adabu hata kidogo. Kuku walikula walivyotaka, kwa sababu mimi nilikuwa nikiutazama Mlima Elgon ukijifunika mawingu na kujifunua. Niliamini kabisa kwamba Ulaya iko nyuma yake, na kwamba dada yangu Nasimiyu anaishi huko, mahali mawingu yanapokwenda kulala. Sikuwahi kumwona. Alizaliwa na kuondoka kabla sijazaliwa.

Mama alimzaa Kitale, alikokuwa akiuza vitunguu sokoni. Kisha akaugua, ikabidi alazwe muda mrefu, na kwa kuwa kule hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, alimpeleka kwenye nyumba moja ya kulelea watoto wamtunzie hadi apone. Alipotoka hospitalini aliambiwa mtoto amepata wazazi wapya, Wazungu, na wameshapanda naye ndege. Mama hakuwa amemtoa mtoto. Alikuwa ameomba ashikiwe. Hilo alilisema miaka yote, bila kupaza sauti. Alirudi Kabuchai mikono mitupu, baadaye akanizaa mimi, lakini watu waliendelea kumwita Mama Nasimiyu. Baba alipofariki, mwenye usemi pale nyumbani akawa mdogo wake, Baba Mdogo Wanyama.

Kwetu, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba likazikwa badala yake, watu wakalia, mambo yakaisha. Msimu ule Baba Mdogo aliona wakati umefika. Hakuwa mtu mbaya; alichoka tu kumwona mama akishtuka kila gari lilipopunguza mwendo barabarani. Shimo dogo lilichimbwa kando ya nyumba, shina likalazwa hapo karibu, limefungwa shuka, na nakumbuka utomvu wake ukiacha madoa kwenye kitambaa.

"Mama Nasimiyu, wacha tumlilie huyu mtoto tumalize," alisema Baba Mdogo. "Hata wewe utapumzika."

Mama alikuwa ameketi akipukuchua mahindi. "Shemeji, mimi sijaletewa maiti. Sasa mnataka nimlilie nani?"

Akainuka, akaenda nyuma ya jikoni, akarudi na chipukizi la mgomba lenye udongo kwenye mizizi. Aliingia shimoni mwenyewe, akalipanda, akafukia kwa mikono huku watu wazima wakimtazama bila kujua waweke wapi nyuso zao. Mimi nilifurahi mno. Nilikuwa nimeogopa kwamba wakimzika hapa, kule nyuma ya mlima atakufa kweli.

Mgomba ule ulishika, ukachipua mingine, ikawa kichaka. Kila mkungu ulipokomaa, mama aliusafirisha hadi Kitale, ingawa soko la Kimilili lilikuwa karibu na bei haikupishana sana. Majirani walimcheka. Alikaa palepale alipouzia vitunguu zamani, kando ya Mama Njoki, muuza viazi, na kila alipofunga safari ya kurudi alimwambia maneno yaleyale: "Mtu akiniulizia, mwambie niko Kabuchai, nyuma ya mizani ya miwa." Nilikua nikidhani hivyo ndivyo watu wa soko wanavyoagana.

Mwaka huu Nasimiyu amekuja. Huko alikolelewa ana jina lingine, na nywele zimeanza kuingia mvi. Safari zake za awali alizunguka Kitale yote bure; ile nyumba ilifungwa zamani, na kila alipouliza alipewa pole. Safari hii, akiwa na kijana wa kumtafsiria, aliingia sokoni akiwa ameshika picha yake ya utotoni. Mama Njoki, mzee sasa, hakuiangalia picha. Alimtazama usoni. "Ati unatafuta nani? Si wewe ni mtoto wa yule mama wa ndizi?"

Leo najua Ulaya iko wapi, na haiko nyuma ya mlima. Magunzi bado tunayachoma, mizani imeng'olewa, na mama anatembea kwa kushikiliwa. Siku Nasimiyu alipofika, mama ndiye aliyemshika mkono, akamwongoza polepole hadi kwenye migomba. Baba Mdogo alikuwa hapo na panga lake, ameshusha mkungu ulioiva. Mama alimenya ndizi moja, akampa.

"Hapa ndio walitaka kukuzika," alisema. "Kula."

Nasimiyu hajui Kiswahili. Alinigeukia anieleze, na Baba Mdogo akainamisha kichwa. Nilimweleza yote. Alikaa na ndizi mkononi, akamtazama Baba Mdogo, kisha akaanza kula. Alipomaliza alinyoosha mkono kuomba nyingine, na Baba Mdogo ndiye aliyemkatia.