Kuku Asiyeatamia

Kila binti wa kwetu alipoolewa, mama alimpa mtetea mmoja wa kuanzia maisha. Kuku hao walitoka kwa mtetea ambaye mama mwenyewe alipewa na bibi siku alipoletwa kijijini hapa Mamba kuolewa. Dada zangu walipata, nami nikapata. Akabaki kitinda mimba.

Kisha zikaja pikipiki zenye maboksi ya vifaranga chotara. Mama akanunua. Majogoo wakakua wakubwa, wakapanda kuku wetu wa asili. Tulifurahi, sikatai, kwa kuwa mayai hayakukatika nyumbani. Ila kizazi kilichofuata hakikujua kulalia mayai. Kinataga, kinajikung'uta, kinaondoka. Nilikuwa nikiwagombeza: wazazi gani nyie? Mama hakucheka hata mara moja.

Kitinda mimba alipoolewa Kapalamsenga, mama alimchagulia mtetea mwekundu aliyefanana zaidi na wa bibi.

"Huyu ana damu ya nyumbani," alisema. "Akiatamia, nitajua mbegu ya mama yangu haijapotea."

Basi ikawa simu kila wiki.

"Ameatamia?"

"Bado, mama."

"Mtandikie majani makavu, mahali penye giza. Na nyie msimsumbue!"

Mdogo wangu alifanya yote. Kuku akataga, akaenda zake kuparua.

Mwaka huu mama aliugua, akakonda mpaka nikaogopa kumshika. Mdogo wangu alikuja kumuuguza, na kuku wake kwenye tenga, eti labda akifika nyumbani atakumbuka. Hakukumbuka chochote. Siku moja mama akauliza kitandani, kwa sauti ndogo, kama ameatamia. Mdogo wangu alinitazama kwanza.

"Ameatamia, mama."

"Basi msimguse," mama akasema, uso ukamlegea kwa raha. Niliuchukia uongo ule, na nilimshukuru mdogo wangu kwa kuusema.

Mama alifariki wiki hiyohiyo. Watu walijaa msibani, mboga ikapungua, mashemeji wakakamata kila kuku aliyekuwa uani. Hakuna kati yetu aliyewazuia, tungewaambia nini? Yule mwekundu nilimpasua mwenyewe. Ndani alikuwa na yai lenye gamba, na nyuma yake mengine machanga, ya njano, yamefuatana mpaka madogo kama punje za mtama. Mdogo wangu aliyakusanya yote kwenye bakuli, akakaa chini, akaliweka mapajani na kulifunika kwa kanga. Tulipomwita kula, hakunyanyuka.