Dakika Tano za Kumpinga Mheshimiwa Diwani

Napenda ubishi, na sioni sababu ya kuficha. Mama husema nilizaliwa nikipinga: mkunga alitabiri mvulana, nami nikamfanya mwongo palepale. Kwa hiyo akina mama wa kikundi cha kijijini kwetu walipotafuta mtu wa kuwasemea kwenye mdahalo, hawakuhangaika sana. Walinipigia simu dukani kwangu mjini, mtaa wa Utemini, ninakouza mafuta ya alizeti, na kabla mwenyekiti wao hajamaliza kueleza, nilikuwa nimeshakubali.

"Mada yenyewe ni ipi?" nikauliza, nikiwa tayari nimeahidi.

"Wabunge na madiwani wawekewe ukomo. Vipindi viwili kama rais, kisha wapishe wengine. Na redio ya jamii itarusha moja kwa moja!"

Niliruka nyuma ya meza mpaka mteja akaniuliza kama mwanangu amefaulu mtihani. Ndipo mwenyekiti akaongeza, taratibu, kama mtu anayetua ndoo iliyojaa: "Upande wa kupinga atasimama mheshimiwa diwani mwenyewe."

Mheshimiwa diwani ni baba yangu.

Alikuwa katika kipindi chake cha nne, na kila mtu alijua anajiandaa kuchukua fomu ya kugombea cha tano. Sisemi alikuwa diwani mbaya. Barabara ya kwetu aliipigania yeye, na zahanati pia. Lakini kwa muda mrefu baraza la madiwani lilikuwa limekwama kama gari kwenye tope jeusi la mbuga. Baba na diwani mwingine mkongwe, mzee wa kata jirani, waligombana kuhusu mnada wa mifugo, kila mmoja akitaka uwe kwake. Mnada wenyewe ulishapata mahali pengine kabisa, ugomvi ukabaki. Mmoja akileta hoja, mwingine anasimama na watu wake wanatoka nje, akidi inavunjika, kikao kinaahirishwa. Kesho yake wanabadilishana zamu.

Na kisima chetu kirefu kilikuwa kimeshachimbwa. Maji yalipatikana, wataalamu wakashangilia, wakakifunika kwa kifuniko cha chuma wakisubiri baraza lipitishe fedha za pampu. Mama yangu, mke wa diwani, alikuwa akipita kando ya kifuniko hicho kila alfajiri akienda kuchimba mchanga wa mtoni apate ndoo mbili. Nikilifikiria hilo nilipandwa na hasira. Nilitaka kisima kifunguliwe. Nilitaka pia niendelee kuwa binti wa baba yangu. Sikujua kama naweza kupata vyote viwili.

Nilifika nyumbani siku moja kabla ya mdahalo. Baba alikuwa uani akipiga kiatu rangi.

"Nasikia kesho unakuja kunistaafisha," akasema bila kuinua uso.

"Nakuja kujadili hoja, baba. Sijadili mtu."

"Hoja ina miguu yangu na koti langu," akasema, akaendelea kupiga rangi. Mama alicheka jikoni, nami sikujua anacheka upande wa nani.

Mdahalo ulifanyika katika ghala la alizeti, kwa sababu ndilo jengo pekee linalotutosha. Magunia yalisukumwa ukutani, watoto wakapanda juu yake, na harufu ya mashudu ilikuwa nzito kiasi cha kumfanya mtu atamani kula. Watu walifurika! Wengine walitoka vijiji vya mbali kwa baiskeli. Shangazi yangu alitoka Mungaa tangu jana yake, akisema hawezi kusikiliza kwenye redio jambo la ukoo wake. Wazee walikaa mstari wa mbele, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Mtangazaji alikuwa binti mwembamba wa mjini mwenye kengele ya baiskeli mkononi. Alieleza kanuni: kila mzungumzaji dakika tano, asizidishe hata sekunde, maana kipindi kina muda wake. Mwisho, watu watasimama mstari nyuma ya wanayemuunga mkono.

Baba alipewa nafasi ya kwanza kwa heshima ya umri. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Wananchi wenzangu, itifaki imezingatiwa," akaingia moja kwa moja kwenye hoja. Jamani, mzee alisema! Aliuliza: diwani mpya akipewa kabrasha la bajeti atafanya nini kama si kutafuta miwani? Yeye anajua maofisa wanaficha nini kwenye ukurasa gani. Wataalamu wa halmashauri hawana ukomo, makarani hawana ukomo. Ukimwekea ukomo diwani peke yake, umewapa wao nchi.

"Na mtu akishajua anaondoka," akamalizia, "atahangaika kwa ajili ya nani? Mpangaji hapandi mwembe. Penye wazee haliharibiki jambo."

Ghala lililipuka kwa makofi. Mimi mwenyewe nilipiga, mkono ulinitoroka. Nilikuwa na fahari naye na nilikuwa na hofu, vyote kwa pamoja.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na karatasi yenye hoja sita, nimeziandika upya mara nne. Kengele ikalia, dakika zikaanza.

Hapo ndipo nilipokosea. Baba angeweza kusema itifaki imezingatiwa akaendelea, maana ni mzee na ni mheshimiwa. Mimi ni mtoto wa pale. Wazee waliokaa mstari wa mbele wamenibeba mgongoni, wengine wamenichapa. Nilipowatazama machoni, karatasi mkononi, miguu yangu ilikataa kusimama pale niwahutubie kama wageni. Nikasogea mstari wa mbele, nikapinda goti, nikaanza upande wa kulia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za mjini?"

"Njema, babu."

Nikahamia wa pili. Na wa tatu, ambaye hasikii vizuri, nikarudia mara mbili. Mtangazaji alinitazama kwa macho ya mtu anayeona nyumba ikiungua. Nilikuwa nimeshaanza, na mzee uliyemruka ni mzee uliyemtukana. Nikaumaliza mstari nikijua dakika zinayeyuka, nikafika mwisho alikoketi baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," akajibu, akaushika mkono wangu. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Mume je?"

"Mzima."

"Kile kikohozi chake?"

"Kimepona, baba."

Akahamia Kinyaturu, akaanza salamu za nyumbani, zile ndefu: umeamkaje, waliobaki wameamkaje, mbuzi wako, kuku wako, jirani yako yule mjane. Kila swali lina jibu lake, na jibu halikatizwi. Mkono wangu bado ameushika. Nilipofika kwenye kuku nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza, nikaelewa. Mzee ananila dakika! Mbele ya redio, kwa adabu kamili, ananimaliza kwa salamu, na hakuna binadamu anayeweza kusema amekosea!

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. "Imebaki dakika moja," mtangazaji akasema.

Baba akaniachia mkono. Nikasimama katikati ya ghala. Hoja sita hazingeenea hata kwa kutemwa, nikaikunja karatasi.

"Wazee wangu, mama zangu," nikasema, "mmeona wenyewe. Nilipewa dakika tano. Nne zimekwisha. Hakuna aliyemkosea mtu hapa. Heshima imetimia, kanuni imefuatwa, kila mmoja amejibiwa vizuri. Na hoja niliyoileta haijasemwa."

Watoto juu ya magunia wakainamia mbele wasikie.

"Basi baraza letu liko hivi hivi. Wanaingia, wanasalimiana, wanaahirisha. Wakongwe wetu wanazijua kanuni mpaka wanajua jinsi ya kumaliza siku nzima bila kufanya lolote na bila kukosea popote. Ugomvi wa mnada una wenyewe wawili. Wenyewe wasipoondoka, ugomvi utaondokaje? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siwachukii wenyeji. Mmoja wao nampenda kuliko ninavyoweza kusema kwenye redio. Lakini mama yangu anachimba mchanga, na kisima kiko pale kimefunikwa!"

Kengele ikalia. Sikusikia kingine kwa muda, maana vigelegele vya akina mama vilijaa ghala zima. Shangazi alikuwa amesimama juu ya kiti. Mzee asiyesikia vizuri alikuwa akipiga fimbo chini na kumuuliza jirani yake nimesema nini. Nilifurahi mno. Sijawahi kujisikia hivyo, si siku ya harusi, si siku ya kufungua duka.

Watu wakasimama kwenye mistari. Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Mstari wangu ulitoka nje ya mlango ukazunguka hadi kwenye mzani. Nyuma ya baba walisimama wazee wenzake na vijana wachache waliofaidika na barabara. Mama alisimama kwangu, kikapu mkononi, akimtazama mumewe usoni bila haya na bila kisirani.

Baba aliomba neno la mwisho, na mtangazaji hakuthubutu kumnyima.

"Nimeshindwa," akasema. "Redio imesikia. Nauliza swali moja tu. Binti yangu, mimi nikipisha, nani anaingia?"

Wote wakageuka kunitazama. Nami, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu kwa mkunga, nikafungua mdomo nikakuta hamna kitu. Nilikuwa na hoja sita za kumtoa mtu na sikuwa na hata moja ya kumwingiza mwingine. Nikafikiria duka langu, usingizi wangu, nikafikiria watu watakaokuja kubisha hodi kabla ya chai kama walivyokuwa wakija kwetu utoto wangu wote.

"Sijui, baba," nikasema, hewani, kila mwenye redio wilayani akinisikia.

"Basi fikiri," akasema, akakaa.

Tulirudi nyumbani sote watatu kwa miguu, tukipongezwa njia nzima, yeye kwa kusema vizuri na mimi kwa kushinda. Nilijua amenipiga mahali penyewe. Jioni, mama alipotenga ugali na mlenda, nilikuwa nimeshamaliza kufikiri. Nilisema haraka, kabla woga haujakaa.

"Nitachukua fomu mimi."

Baba akamega tonge, akalibonyeza, akalichovya, akalila lote ndipo akajibu. "Vipindi vingapi?"

"Viwili."

"Utakifurahia cha pili, utataka cha tatu. Nakujua, wewe ni damu yangu."

"Ndiyo maana tunataka iwe sheria."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. Alimaliza kula, akanawa, akaenda kulala mapema, na mimi nikabaki nikiosha vyombo kwa maji machache nikiamini kwamba nimemvunja mzee moyo. Nililia kidogo. Siku yangu kubwa kuliko zote, nami nalia juu ya sufuria.

Alfajiri nilimkuta uani amevaa koti na kile kiatu alichokipiga rangi.

"Washa pikipiki yako," akasema. "Nipeleke kwa mzee mwenzangu."

Mzee mwenzake wa wapi? Akataja kata jirani. Nilidhani sijasikia vizuri. Tangu ugomvi wa mnada hakuwahi kukanyaga boma lile, hata msiba ulipotokea alituma watu.

"Kufanya nini, baba?"

"Kumwomba akae kikaoni mpaka mwisho. Mnada nimemwachia, asimulie wajukuu zake kwamba alishinda."

Nikachomeka ufunguo. "Baba, si ulisema mtu akijua anaondoka hahangaiki?"

"Nilisema." Alipanda nyuma yangu, akaniwekea mkono begani kwa uzito. "Imebaki miezi michache nipishe, mwanangu. Twende upesi. Nikichelewa utakuja kukifungua wewe, nami sitaki kisima changu kifunguliwe na mtu mwingine."