Nilivyomuua Mjomba kwa Ajili ya Bajaji

Jamani, habari hii nawaeleza mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Salome, maana yeye akiisimulia anaongeza chumvi mpaka mboga hailiki, na aibu niliyoipata inatosha kama ilivyo. Ndiyo, yule mwanamke wa kwenye video, aliyevaa koti la mvua na helmeti jua likiwaka, akapiga magoti pale Kirumba mbele ya umati, ni mimi. Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Pasiansi, na mume wangu Muta anafundisha shule huko Ukerewe, anarudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, nikibakiwa na chenji ya uzi nacheza bahati nasibu ya kwenye simu, ile ya kutuma neno kwenda namba fulani, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kushinda hata vocha. Kwa hiyo Jumatano ile mtu aliponipigia akasema, "Hongera dada Kabula, umeshinda bajaji," nikamwambia na yeye hongera, ameshinda laana, atafute kazi ya halali aache utapeli, nikakata. Akapiga tena, nikamtukana tena (ukoo wake wote niliutaja, Mungu anisamehe). Mara ya tatu akapiga mama mmoja mwenye sauti ya ofisini, akanisomea majina yangu yote matatu na siku niliyocheza, nikakaa juu ya gauni la mteja lililojaa pini, na niwaambie ukweli, zile pini sikuzisikia mpaka jioni.

Bajaji mpya! Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie, mdomo nimeshaufungua, ndipo nikakumbuka friji la Mama Salome.

Mama Salome ni jirani yangu na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Yeye aliwahi kushinda friji kwenye promosheni ya sabuni, na siku ya kwanza asubuhi watu walikuja kumpongeza, mchana wakaja na maji yao ya kupoza, jioni wakaja na samaki wao. Ndani ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa unalaza sangara kwake, na kuna mzee alileta mpaka chanjo ya kuku. Alipoona nyanya zake mwenyewe zimekosa nafasi akaweka kufuli, basi akaitwa mchoyo, salamu zikapungua, hata kanisani benchi lake likawa na nafasi pana. Akaniambia, "Mama Kemi, siku ukishinda kitu, hata baba Kemi asijue." Na mimi nikayashika maneno hayo kuliko mahubiri.

Tena nyumbani nilikuwa na mama mkwe. Alikuwa ametoka Muleba kuja kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto likawa limefungwa bandeji, na daktari amemwambia akae ndani, vumbi lisimguse. Huyu mama, niwe mkweli, miaka sita hakunipenda. Mwanawe msomi kaacha mabinti wote wa Kihaya kamletea Msukuma anayechemsha ndizi kama viazi, ungekuwa wewe ungefurahi? Lakini safari hii nilimpeleka hospitali, nikamshika mkono mpaka mlangoni, na alipotoka akaniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Sikulala kwa furaha siku hiyo. Na bado (hapa ndipo mjue akili yangu) nikajiambia kwamba mama akijua habari ya bajaji, kabla jua halijazama Muleba nzima itakuwa imejua, na shemeji zangu wote watashuka na mabegi, kila mmoja dereva.

Kwa hiyo nikaamua nisiseme kwa mtu. Makabidhiano yalikuwa Jumamosi, uwanjani Kirumba, na yule mama wa ofisini aliniruhusu nifiche uso, akasema washindi wengi wanaomba hivyo. Bajaji nitampa mtu wa mbali aiendeshe, mtaani isionekane. Kilichobaki ni sababu ya kutoka nyumbani Jumamosi, siku ambayo wateja wa harusi wanajaa kibarazani. Hapa kwetu ukisema una mkutano utaulizwa mkutano gani, ukisema unaumwa utaletewa uji, ila ukisema msiba hakuna wa kukuzuia. Nikasema nimefiwa.

Nikamuua mjomba. Nikamwita Mjomba Masanja, wa Buhongwa, nikampa na ugonjwa wa presha, ameanguka ghafla. Sina mjomba Masanja, sijawahi kuwa naye. Mama mkwe akaacha kumenya ndizi, akashika kichwa, Kihaya kikamtoka. "Mawe! Mjomba wa tumbo moja na mama yako? Mbona kwenye harusi sikumwona?" Nikamwambia alikuwa Geita. Akaniuliza ameacha watoto wangapi, nikasema watano, kisha nikaona ni wachache kwa mzee wa Kisukuma, nikaongeza wawili. Mama akasikitika hadi na mimi nikaanza kumlilia Masanja, machozi ya kweli kabisa, nikamsihi abaki nyumbani kwa ajili ya jicho lake, nikaondoka saa mbili asubuhi.

Nilichosahau ni kwamba kwetu ukisema msiba hakuna anayekuzuia, lakini pia hakuna anayekuacha uende peke yako.

Kule nyuma (haya nilikuja kuyajua baadaye) mama mkwe alivuka uzio kwenda kwa Mama Salome kumwambia Kabula kafiwa na kaondoka na kitenge tu, hana hata mtu wa kumshika mkono. Nusu saa haikuisha, akina mama tisa wa kikundi walikuwa wamefunga khanga, wamepakia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, sufuria mbili kubwa, unga, maharage, kuni na mkungu wa ndizi, safari ya Buhongwa imeanza. Mama mkwe akavaa miwani myeusi juu ya bandeji yake, akapanda mbele kwa dereva. Walipofika Kirumba wakasimama soko la samaki la Mwaloni kununua dagaa wa msiba, na wakiwa pale wakasikia muziki wa uwanjani, wakaenda kuchungulia.

Na mimi wakati huo niko uwanjani naiva. Helmeti niliiazima kwa bodaboda wa kijiweni, ile yenye kioo cheusi, na koti la mvua lilinifika miguuni, na jua la saa nne mnalijua. Jasho lilipanda mpaka kioo kikawa na ukungu, nikawa naona vivuli tu. Mshereheshaji naye hakunionea huruma, kashika kipaza sauti anapiga kelele, "Mshindi wetu kaomba uso wake usionekane, anaogopa ndugu! Ndugu mpooo?" Umati ukajibu, "Tupooo!" Kweli walikuwepo, na mimi ndani ya helmeti nilikuwa nacheka, nikijiona mjanja wa Mwanza nzima.

Basi yule mshereheshaji akasema ufunguo hautolewi hivihivi, anataka mzazi, mama mwenye baraka zake, amkabidhi mshindi. "Yule mama pale, mwenye miwani myeusi! Mpisheni mama apite!" Watu wakapiga makofi. Nikaona kivuli kirefu kinakuja taratibu, kikashika mkono wangu, kikaniwekea ufunguo kiganjani, na sauti ikasema, "Hongera mwanangu, Mungu akutunze."

Ile sauti. Kichwa changu kilielewa vizuri kabisa kwamba nikae kimya, nichukue ufunguo, nigeuke niondoke. Lakini mimi nimelelewa Misungwi na mama aliyenifundisha kupiga magoti kabla sijajua kuvaa viatu, na miaka sita yote kwa mama mkwe huyu, kila asubuhi, magoti yangu yanakwenda chini kabla sijafungua macho vizuri. Yakaenda. Yalikwenda yenyewe, pwaa, kwenye vumbi la Kirumba, koti la mvua likatandazika kama turubai, na mdomo nao ukafuata magoti: "Shikamoo mama."

Kipaza sauti kilikuwa hapohapo kidevuni kwangu. Shikamoo yangu ilikwenda mpaka Mwaloni.

Mama mkwe alinitazama na lile jicho lake moja, akainama, akaifunua ile helmeti kidogo upande wa kidevu kama anayechungulia chungu, akairudisha. Nikasikia kule nyuma sauti ya Mama Salome, "Ee! Si Mama Kemi huyo?" Nilimwomba Mungu ziwa lifurike. Halafu mama mkwe akasema, kwenye kipaza sauti kilekile, kwa upole kabisa:

"Marahaba, Kabula. Vipi, marehemu hajambo?"

Jamani. Mimi sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mshereheshaji mwenyewe alikaa chini. Wale akina mama tisa wakamwagika uwanjani na khanga zao za msiba, mmoja bado kabeba furushi la dagaa, wakinizunguka na kunitaka nieleze Mjomba Masanja tumzike wapi, na mimi nataka kuvua helmeti nijitetee, kumbe kamba imekaza, nikawa nalia humo ndani sauti inatoka kama redio iliyotumbukia kwenye pipa. Ndiyo hiyo video. Muta aliitazama akiwa kwenye kivuko anarudi kutoka Ukerewe, akacheka na abiria wenzake hadi machozi, akasema mke wa nani huyo, masikini, mpaka alipomwona mama yake mzazi kwenye picha.

Kesi yangu ilisikilizwa palepale juu ya kirikuu. Mama Salome alisema msiba umeahirishwa lakini chakula hakijaahirishwa, na kwa kuwa nimewatoa watu majumbani kwa uongo, faini yangu ni kushona sare za kikundi chote bure, mikono mirefu. Sikupinga. Tukarudi Pasiansi, bajaji mbele na maua yake, dereva wa kampuni akiendesha, mama mkwe kiti cha nyuma peke yake akipunga mkono kwa watu asiowajua, na alipofika mtaani kwetu akamwambia dereva azunguke tena mara ya pili, maana upande ule mwingine hawakumwona vizuri. Mimi nilikuja nyuma kwenye kirikuu, nimekalia kuni.

Kile chakula kililiwa siku nzima. Watu walikuja mtaa mzima, yule mzee wa chanjo ya kuku naye alikuja, na cha ajabu hakuna aliyeniomba kitu. Walitaka tu niwaonyeshe nilivyopiga magoti. Nilipiga magoti mara kumi na tano siku ile.

Jioni, vyombo vimeoshwa, nikamkuta mama mkwe kwenye mkeka, nikakaa miguuni kwake, nikamwambia, "Mama, nisamehe." Hapo niliogopa kuliko uwanjani, kwa sababu ile "mwanangu" niliihangaikia miaka sita na niliona nimeiuza kwa siku moja, kwa bajaji.

"Kabula, hiyo bajaji mimi ningeipeleka wapi, mgombani?"

"Hapana mama. Niliogopa tu."

"Uliogopa tutakuomba." Akarekebisha bandeji yake, ilikuwa imeingia vumbi pembeni, na mimi nikaiona. "Daktari alinikataza kutoka. Nikajiuliza, huyu mtoto anakwenda kulia peke yake, nani atamshika? Ndiyo maana nikaja."

Hapo ndipo nikalia, kwa sauti, na Mama Salome aliyekuwa bado kibarazani akasema afadhali, msiba umepata mliaji. Mama akacheka mpaka akashika jicho, nikaogopa nyuzi zitakatika, nikaacha kulia nikaanza kumbembeleza yeye. Jicho lilipona salama, asanteni kwa kuuliza.

Bajaji inafanya kazi mpaka leo, ila jina nililoiandika nyuma, la Kikristo kabisa, hakuna anayelitumia, mtaa mzima unaiita Marehemu. "Marehemu yuko wapi?" "Kapeleka wagonjwa hospitali, anarudi." Abiria wageni wanashuka mbiombio. Na ndiyo, shemeji mmoja alikuja na begi, ndiye anayeiendesha, na sijapata dereva mwaminifu kama yeye.

Bahati nasibu bado nacheza, siwadanganyi. Lakini nimeapa, nikishinda tena, hata iwe ndoo ya plastiki, wa kwanza kumpigia ni mama mkwe, na namruhusu atangaze Muleba nzima kwa vipaza sauti. Heri niombwe na ukoo mzima, wa kwangu na wa Muta, kuliko kumtoa tena yule mama kitandani na bandeji yake aje kunifuta machozi niliyoyatunga.